Mgeni Kisimani

Kila asubuhi Rereao aliteka maji kisimani, akayachemsha, akamjazia babu yake kikombe. Kisha aliangaza huku na huku, akatia vijiko viwili vya kamaimai, ile asali ya tembo la mnazi, akakoroga upesi.

Yote yalianza siku mama alipolalamika kwamba bahari imepanda na kisima kimeingia chumvi. Babu Tekaai, shemasi wa kanisa, alifoka. "Upinde wa mvua si pambo! Mungu alimwahidi Nuhu hakuna gharika tena. Mwalimu wenu na tabianchi yake wanamwita Mungu mwongo?" Siku nzima hakugusa maji. Rereao akamhurumia. Kesho yake akatia kamaimai; babu alikunywa, akatabasamu. "Mmeona? Matamu!"

Uongo ule mdogo ukaota mizizi. Sasa babu, bila kujua, aliusimulia hata kanisani.

Leo wazee walikutana katika maneaba, jumba la mikutano, waamue kama waombe tangi la kukingia maji ya mvua. Rereao alikaa pembeni, amempakata mdogo wake Kaure, aliyeumwa tumbo kila akinywa maji ya kisima.

"Babu yako ndiye atakayetunyima tangi," rafiki yake Mareta alimnong'oneza. "Shemasi wa kisima kitamu!"

Rereao alimvuta Kaure karibu. Akisema, atamwaibisha babu mbele ya kijiji. Asiposema, Kaure atazidi kuumwa.

Babu alisimama. "Kuomba tangi ni kumshuku Mungu. Rereao, mjukuu wangu, kalete maji wazee waonje!"

Alimkabidhi Mareta mtoto, akapitia nyumbani kuchukua chupa ya kamaimai. Kisimani aliishika chupa ile kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini.

Aliporudi alipiga magoti, kifuu cha maji mikononi. "Babu, kitendawili."

Wazee waliguna. Babu alipenda vitendawili mno, hakuweza kujizuia. "Tega!"

"Mgeni wangu kaingia bila hodi, macho hayamwoni, ulimi unamjua."

Babu alicheka, akapiga funda. Kicheko kikakatika.

"Chumvi," alisema polepole. "Na yale ya asubuhi?"

"Nilitia kamaimai, babu. Kila siku. Nisamehe." Machozi yalimdondoka.

Mzee mmoja akakohoa. "Kumbe Tekaai, siku zote ulikuwa ukituhubiria kamaimai!"

Maneaba nzima ikaangua kicheko. Babu aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Walipotazama vizuri, naye alikuwa akicheka, macho yamemlowa. Alimtazama Kaure, uso ukarudi kuwa mzito.

"Agano la Mungu lipo," alisema. "Mimi ndiye niliyelifanya mto wa kulalia. Nuhu aliamini, na bado alishika shoka. Tuombe tangi." Akamwinua Rereao. "Nawe, uongo wako ulikuwa mtamu kwangu, mchungu kwa mdogo wako. Ukinipenda, niambie kweli hata nikifoka."

Mvua ya kwanza ilipojaza tangi, Rereao alimletea babu kikombe.

"Nikutilie kamaimai?"

"Ngoja," alisema babu. "Niyaonje kwanza yalivyo."