Kola Iliyokatwa Kwenye Kifua

Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi sare ya shule mumewe aliporudi kutoka hospitali. Uso ulikuwa umemshuka.

"Wamekuambiaje?" mke aliuliza.

"Eksirei imeonyesha doa juu ya pafu la kulia. Naogopa kifua kikuu kimerudi. Kesho wanataka picha ya zamani, ile ya siku nilipomaliza dawa. Iko wapi?"

Mke aliweka pasi chini, akakiri. Filamu ile ilikuwa ngumu na haikunjiki, kwa hiyo alikuwa ameitia mkasi, akapata vipimo vitatu vya kukatia nguo: cha mfuko, cha mkono na cha kola. Miaka minne sasa alikuwa akiuvalisha mtaa mzima kola zilizotoka kwenye kifua cha mumewe.

"Umenikata mapafu, mke wangu!"

"Nimeyakata mimi, nitayaunga mimi."

Alfajiri mke alipekua kibanda chake chote cha kushonea. Kipimo cha mfuko kilikuwepo, cha mkono kilikuwepo. Cha kola alikuwa amemwazima fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Alivuka mbio.

"Dada, nirudishie kola yangu!"

"Ya mteja gani?"

"Ya mume wangu!"

Hospitalini, mpiga picha za eksirei alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha alivipanga vipande kwenye sanduku la taa, kando ya picha mpya.

"Picha moja inaonyesha kifua cha leo tu," alieleza. "Haisemi doa lilianza lini. Hii ya zamani ndiyo picha ya kulinganishia. Kama doa limekua, au halikuwepo, kuna jambo jipya. Kama liko vilevile, huenda ni kovu tu."

Daktari alikuja, akaangalia kwa muda mrefu. Mke alimshika mumewe mkono, akaubana.

"Lilikuwepo," daktari alisema, akigusa kipande cha kola. "Halijakua hata kidogo. Naona ni kovu la ugonjwa uliopona. Makohozi tutayapima vilevile, tuwe na uhakika."

Makohozi yalionekana safi. Mke alirudi nyumbani na furaha tele. Picha zote alizitia kwenye bahasha kubwa, akaandika tarehe, akaiweka juu ya kabati. Kola akaanza kuzikata kwa kipimo cha boksi gumu.

Wiki iliyofuata fundi mwenzake alikuja.

"Niazime tena ile kola nzuri, dada."

"Haiazimwi," alijibu huku akikanyaga cherehani. "Ina mwenyewe, na bado anapumua."