Mkeka Mbovu wa Kalolaine

Penisimani alimkuta Kalolaine kwenye foleni ya duka la vyombo pale Mount Druitt, Jumamosi ya punguzo, watu wamebanana hadi mlangoni. Yeye alishika ufagio mmoja tu. Kalolaine, sketi nyekundu na ndala miguuni, alikumbatia rundo la masanduku ya plastiki lililomfika kwenye nyusi.

"Dada, unahama?"

"Nahifadhi."

"Kuhifadhi na kurundika ni pacha."

"Na wewe na huo ufagio, umekuja kumfagia nani?"

Akamsaidia kubeba hadi kwenye gari, na jioni ile simu zikaanza.

Wote wawili ni Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki, waliozaliwa Sydney, Australia. Peni alikulia nyumba iliyojaa mikeka na nguo za magome ya miti, mali ya mama yake, imelundikwa chini ya magodoro mpaka mtoto anapanda kitanda kama anayepanda ukuta. Alipopata chumba chake aliapa kuishi na sakafu tupu. Kwa Kalolaine, mrithi wa mali ya marehemu mama yake, palikuwa na njia moja tu kutoka mlangoni hadi kitandani, na mgeni aliipita kiubavu.

"Tukioana, laazizi, tutalala wapi?" Peni alimuuliza.

"Juu ya mali yangu."

"Kwa ngazi?"

"Utashikwa mkono."

Hata hivyo Kalolaine naye alichoka kujikwaa nyumbani mwake mwenyewe. Wiki ambayo manispaa hupita kuzoa vitu vikubwa, wakazi huweka kando ya barabara kila wasichokitaka, na majirani huchagua kabla lori halijafika. Wiki hiyo ilipofika, Kalolaine akampa Peni ufunguo akaenda kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. "Vibovu toa vyote," alimwambia. "Vizuri nipangie."

Peni alifanya kazi ya wanaume watatu. Mikeka laini aliianika, akaikung'uta, akaikunja vizuri. Mmoja ulikuwa mgumu, umechanika pindoni, unanuka moshi. Huo akautupa nje juu ya godoro bovu, akarudi kupiga deki huku akipiga mluzi.

Mchana simu ikalia.

"Peni, ule mkeka uliochanika uko wapi?"

"Nimekutoa aibu, mpenzi. Nimeutupa."

"Shangazi Lupe amefariki," Kalolaine akasema.

Kwa Watonga, shangazi yuko juu kuliko baba. Akifa, watoto wa kaka yake huvaa mkeka mkuukuu, uliochakaa kuliko yote, unaowafika kifuani, na hupita mlango wa nyuma kwenda kupika. Kuchakaa ndiko heshima yenyewe. Ule ndio baba yake Kalolaine aliouvaa kumzika shangazi yake, na kabla ya hapo bibi yake naye aliuvaa. Peni haya aliyaona tangu utotoni bila kuyauliza, kwa kuwa misibani alikuwa akijifungia kwenye gari na simu yake.

Alitoka mbio. Godoro lilikuwepo, mkeka haukuwepo. Jirani alisema mtu mwenye tela amelifunika friji lake kwa huo mkeka akaondoka nao, wala hamjui ni nani.

"Umenivua nguo mbele ya ukoo wangu," Kalolaine alisema. "Usinipigie tena."

Peni akapiga, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Alikaa kwenye sakafu yake tupu akaona haina faida yoyote, kisha akaenda kwa mama yake.

"Mama, naomba mikeka yako miwili. Ile mibovu kabisa."

"Wewe uliyeiita nyumba yangu ghala?"

"Mimi, mama. Mmoja wa Kalolaine, mmoja wangu."

Mama akaweka kikombe chini. "Ukiuvaa kwa msiba wa watu, unasema wewe ni wao. Unalijua hilo?"

"Ndilo lililonileta."

Siku ya maziko Peni alipita mlango wa nyuma, mkeka umemfika kifuani. Ule wa pili alimpa Kalolaine. Kalolaine aliupokea, akajifunga. Peni akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kumenya magimbi. Wanawake wakaacha kazi kumtazama. Bibi Fusi, mkuu wa jiko, akaja.

"Kijana, wageni hupita mbele. Huu umeuvaa kama nani?"

Peni akafungua mdomo.

"Sijakuuliza wewe. Kalolaine, huyu ni nani wako?"

Angesema si mtu wake, ingebidi Peni aufungue pale pale, mbele ya wote, aende zake. Peni aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Kalolaine alimtazama Peni na shati lake la pasi lililojaa majivu. "Wa baba yangu haurudi," alimwambia.

"Haurudi. Ni mkono wangu, na sina la kujitetea."

"Na hii ya mama yako, msiba ukiisha itakaa wapi?"

"Kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Popote utakapolala wewe."

Kalolaine akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia mzee. "Ni mume wangu, bibi. Harusi ndiyo bado."

Bibi Fusi alimwangalia Peni, akaangalia na magimbi aliyomenya.

"Basi mpe kisu kingine," akasema. "Hicho butu, na gunia bado zima."