Mstari wa Gwantwa

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, Jairo akalidharau. Bakapu ya saa saba mchana, nakala ya akiba ya kumbukumbu za zahanati, ilikwisha salama, lakini idadi ya wagonjwa ilikuwa ileile kabla na baada. Haikupaswa kuwa ileile. Ilipaswa kuongezeka mtu mmoja, na Jairo alijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimrudisha huyo mmoja.

Jairo alikuwa fundi wa kompyuta wa zahanati moja pale Mlowo, kando ya barabara kuu. Hakusomea popote, alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Ile skripti, mistari ya amri iliyonakili kumbukumbu za wagonjwa kila mchana watu wakienda kula, aliiandika peke yake, na aliyeigusa aligombana naye. Hasira zake zilikuwa karibu, ila uongo na upendeleo hakuvijua. Hata waliomchukia walikiri hilo.

Kisha akafa mkewe, Gwantwa.

Siku hiyo skripti ilikwama, kompyuta zote zikaganda, foleni ikasimama. Gwantwa alikuwa benchini nyuma yake, ameshika tumbo. Muuguzi wa mapokezi, Ferista, alitaka kumpeleka kwa daktari bila kumwandikisha, Jairo akakataa: mke wa fundi hapiti mlango wa nyuma, angoje kama wenzake. Gwantwa akamwita, "Baba Tumpale." Akamwita tena. Mara ya tatu Jairo akajibu macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta: "Subiri, namaliza."

Alipomaliza akageuka kumwambia zamu yake imefika. Damu ilikuwa imevujia ndani ya tumbo muda wote ule.

Walimzika kijijini Ileje. Siku ya kuondoa matanga, mama mkwe wake, Loisi, alimpigia aje asimame kaburini, amuage mkewe kwa kinywa chake. Jairo akamkatia simu. Badala yake akaongeza mstari mmoja mwishoni mwa skripti: ukishanakili, mrudishe Gwantwa kwenye orodha ya wagonjwa kama alivyokuwa siku ile asubuhi. *Yupo. Anasubiri.* Kila asubuhi Ferista alimhamishia kwenye orodha ya marehemu, kila saa saba alirudi. Ferista alipouliza, Jairo akamwambia mfumo una hitilafu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulimtoka kirahisi mpaka akajishangaa.

Sasa idadi inagoma. Akalinganisha nakala ya jana na ya leo, jina kwa jina. Gwantwa amerudi. Aliyekosekana ni mzee Zebedayo wa Vwawa, mgonjwa wa presha. Jairo akalaumu diski.

Kesho yake mtoto wa mzee alileta taarifa ya msiba. Mchana ule akakosekana Imelda, muuza vitenge wa sokoni, na kabla ya jua kuchwa Ferista alikuja kusema Imelda ameanguka dukani na hakuamka.

"Kaka Jairo," alinong'ona, "hiyo mashine ya namba za foleni inatoa karatasi wakati hakuna mtu. Karatasi ina jina la wifi Gwantwa. Na benchi lile nimelipangusa mara mbili, linarudi kuwa na udongo."

Jairo alimfokea. Lakini usiku ule hakulala, na siku ya tatu, saa saba ilipogonga, alibaki peke yake mapokezini, skripti ikatembea, mashine ya namba ikakohoa karatasi moja, harufu ya udongo uliochimbuliwa ikapanda kutoka sakafuni, benchi nyuma yake likalia kama linavyolia mtu anapoketi taratibu kwa sababu ya maumivu, na yeye akalinganisha majina akishuka mstari baada ya mstari hadi alipofika lilipokuwa pengo, akalisoma jina lililokosekana, akalisoma tena: Tumpale Jairo, miaka sita.

Binti yake.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Loisi, aliyehamia kwake kumlelea mtoto baada ya matanga, amembeba Tumpale mgongoni, shingo ya mtoto imelegea. Alisema ameanguka shuleni sasa hivi. Akamkabidhi Ferista aliyekuja mbio, wakamkimbiza kwa daktari bila kuandika lolote. Kisha bibi akanusa, akalitazama benchi kwa muda mrefu.

"Unamshikia nini mwanangu, mkwe?"

Jairo akasema kweli yote, kwa sauti ya chini.

"Huyo si Gwantwa," Loisi akasema, machozi yakimshuka. "Gwantwa asingemgusa mtoto wake. Kuna kitu kimekuta mlango umeachwa wazi na jina halina mwenyewe, kikalivaa. Muage mkeo. Kitakuita kwa sauti yake. Usiitike, usigeuke."

Jairo akaufuta mstari. Akamrudisha Tumpale kutoka nakala ya jana. Kisha akafungua jina la mkewe na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: *Amefariki.* Akalitamka pia. "Umekufa, mama Tumpale. Mimi ndiye niliyekungojesha. Nenda."

Benchi likalia. Miguu ikaburuzwa hadi nyuma ya kiti chake, ikasimama.

"Baba Tumpale."

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule uchovu wake wa siku ile. Jairo akajiuma mkono asiitike.

"Baba Tumpale."

Mara ya tatu iliita kwa upole, kama mtu ambaye hataki kusumbua. Jairo akakaza macho kwenye kioo, kama siku ile, akilia bila sauti, hadi miguu ilipoburuzwa kuelekea mlangoni na harufu ikafifia. Chumba cha pili Tumpale akaomba maji.

Kesho yake Jairo alikwenda Ileje, akasimama kaburini, akarudi jioni. Akafungua logi, taarifa ambayo mashine hujiandikia, ya bakapu ya mchana. Idadi ilikuwa sawa. Makosa, hakuna. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja, na katika skripti nzima hapakuwa na amri ya kuuandika, ukimjibu kwa maneno yake mwenyewe:

*Subiri, namaliza.*