Figo za Binti wa Mwokaji

Kila asubuhi mwokaji na binti yake walikanda unga pamoja. Chumba cha tanuri kilikuwa nyuma ya nyumba. Mbele palikuwa na dirisha la kuuzia mikate. Mama wa nyumba alikuwa amefariki, wakabaki wawili tu.

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mnene tangu utotoni, na mtaa mzima ulimwita Kibonge. Alipokuwa na miaka kumi na sita alipatikana na kisukari. Baba yake alishtuka. Kwake yeye, sukari ilikuwa ugonjwa wa wazee.

"Tusimwambie mtu," alimwambia siku ile. "Watu wana midomo. Watakusema."

Basi Kibonge akawa anameza dawa kwa kujificha. Akiwa na wenzake, hamezi. Mwishowe akaacha kabisa, kwa sababu hakusikia maumivu yoyote. Kliniki nayo akaiacha.

Asubuhi moja viatu vilikataa kuingia miguuni. Akavaa ndala za baba yake, akaendelea na kazi.

Nesi, jirani yao, alikuja dirishani kuchukua mkate. Alipochungulia ndani aliiona ile miguu iliyovimba. Akazunguka mlangoni, akaingia.

"Kibonge, hebu kaa kidogo."

Akambonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Anasimama sana," baba alisema. "Huyu ni mchapakazi, nesi. Nimempa vidonge vya maumivu, vitamtuliza."

"Kaka, baadhi ya vidonge hivyo vinaumiza figo. Mwanangu, mkojo wako ukoje? Una povu?"

Kibonge aliinamisha kichwa. "Kama la sabuni. Mwezi wa pili sasa."

"Una ugonjwa wowote?"

Kibonge alimtazama baba yake. Baba alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Sukari," binti alisema. "Dawa niliacha."

Nesi hakumgombeza. "Basi mnaenda hospitali leo. Si kesho."

Hospitalini walimpima mkojo, damu na presha. Daktari aliyasoma majibu, akavua miwani.

"Figo ni kama chujio," alisema. "Zinachuja uchafu kwenye damu, unatoka na mkojo. Sukari ikikaa juu muda mrefu, na presha ikipanda, chujio linaharibika. Protini inavuja. Ndiyo hilo povu. Kijana mwenye kisukari cha aina ya pili, kama hiki, anaweza kuharibika figo haraka kuliko mtu mzima. Na mwanzoni haumwi popote. Ndiyo maana tunapima mkojo na damu kila mwaka, hata kama anajisikia mzima."

"Zimeumia kiasi gani?" baba aliuliza.

"Nguvu za figo zimebaki kama nusu."

"Na hiyo nusu nyingine itarudi lini?"

"Hairudi, baba. Tunapigania hii iliyobaki. Figo zikishindwa kabisa, damu italazimika kusafishwa kwa mashine, mara kadhaa kila wiki."

Walipotoka walipita mlango uliokuwa wazi. Ndani kijana mmoja amelala, mirija yenye damu ikitoka mkononi mwake kwenda kwenye mashine. Alikuwa wa rika la Kibonge. Mwokaji akakaa kwenye benchi.

"Ni mimi niliyekwambia usiseme," alisema.

Kibonge alikuwa na hasira naye, na papo hapo alimhurumia. "Niliogopa kukuaibisha," alimjibu.

Baba alijifunika uso kwa mikono yake.

Mabadiliko hayakuwa lelemama. Dawa za sukari na za presha ziliwekwa mezani, peupe, na Kibonge alizimeza kila siku. Soda ilikoma, chumvi ikapunguzwa. Mkate waliokuwa wakiutafuna kutwa wakaanza kuula kwa kipimo. Mikate ya wateja wa mbali Kibonge aliipeleka kwa miguu, baba akiwa naye. Hakumeza tena kidonge cha maumivu bila kuuliza. Siku nyingine alinuna kwa hamu ya soda. Siku nyingine baba alijisahau, akamkatia kipande kinono cha mkate wa moto, kisha wakatazamana.

Baada ya miezi sita walirudi kwa daktari. Sukari ilikuwa imeshuka, presha imetulia, na protini kwenye mkojo imepungua.

"Figo hazijapona," daktari alisema, "lakini hazijazidi kuumia. Endeleeni hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata, watu wakiwa wamepanga foleni dirishani, mama mmoja alisema, "Mwokaji, binti yako amepungua. Kuna nini?"

Mwokaji aliweka kikapu chini. "Ana kisukari. Figo zake ziliumia, sasa tunazilinda."

Foleni nzima ilisikia. Yule mama alisogea karibu.

"Wangu ana miaka kumi na saba," alisema polepole. "Ni mnene, na hashibi maji. Nilidhani ni joto tu."

Kibonge alikuwa anakanda. Akaacha unga, akaja dirishani, akasimama kando ya baba yake.

"Mlete kesho asubuhi, mama," alisema. "Nitampeleka mimi mwenyewe akapimwe sukari."