Jina Lililofutwa Kwenye Kifurushi

Kila siku ya shule Samiha Luqmani alivuka mto kwa kivuko cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, madaftari yake akiwa ameyafunga ndani ya mfuko wa nailoni yasilowe. Kwao ni Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani, ambako mama yake, Bi Sabiha, hununua nazi kwa wakulima na kuziuza sokoni. Kivuko kilipogonga ngazi za upande wa mjini, Loveness Zabron alikuwa tayari amesimama pale akimngojea. Baba yake Loveness alifanya kazi katika shamba la mkonge. Wasichana hao walikuwa marafiki tangu darasa la tatu, na sasa walikuwa kidato cha pili, dawati moja. Aliyekuja na kashata alikata nusu kwa nusu bila kuombwa.

Saa tisa alasiri, masomo yakiisha, walikwenda kwenye klabu ya kompyuta. Chumba kilikuwa na kompyuta kuukuu kumi na moja, zote zikitumia Linux, mfumo ambao watu wa kujitolea huutengeneza na kuugawa bure. Wanaklabu walikuwa wametembelea wazee na kukusanya maneno elfu tisa ya Kimtang'ata, lahaja ya kwao, wakayaweka katika kamusi ya kompyuta.

Kamusi hiyo ilitegemea kitu kilichoitwa Tawi. Tawi ilikuwa maktaba, si ya vitabu, bali mkusanyo wa maelekezo yaliyokwisha kuandikwa ambayo programu nyingine huyaazima. Kazi yake ilikuwa kuyapanga maneno kwa umbo la mti. Ukitafuta neno, kompyuta huanzia kwenye mzizi na kujiuliza: neno hili liko kabla ya lile, au baada yake? Kama liko kabla, hushika tawi la kushoto. Kama liko baada, la kulia. Hivyo, badala ya kupekua maneno elfu tisa, hujiuliza maswali yasiyozidi kumi na manne.

Shida ni kwamba Tawi haikuwemo katika ghala la Linux, mahali ambapo kompyuta yoyote huchukua programu kwa amri moja tu. Ilibidi iwekwe kwa mkono, mashine moja moja, na mara nyingi iligoma. Shule mbili za jirani ziliitaka kamusi zikashindwa kuiweka.

"Dawa yake ni kuifungia kifurushi," alisema Mwalimu Praxeda, mlezi wa klabu. "Ndani ya kifurushi unaweka programu yenyewe, maelezo ya jinsi ya kuijenga, orodha ya vitu inavyovihitaji, na majina ya wote waliofanya kazi. Wakaguzi wakiridhika, wanakiingiza ghalani. Samiha, Loveness, hii ni kazi yenu. Mimi nakwenda Dodoma kwenye mafunzo ya wiki tano. Nikirudi nataka kuona kifurushi."

Wiki ya kwanza Loveness alifika kila siku. Wiki ya pili yakaanza mazoezi ya netiboli, akawa anachungulia mlangoni. "Vipi, bado tu?" anauliza, kisha anakwenda zake. Samiha alibaki na mashine. Mara kumi na saba kifurushi kilikataa kujengeka. Alisoma ujumbe wa makosa mstari kwa mstari, akaandika daftarini, akajaribu tena, hadi akagundua kwamba alikuwa amesahau kutaja kitu kimoja tu kilichohitajika. Siku kilipojengeka alipiga kelele peke yake chumbani, mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Intaneti ya shule ilikuwa imekatika wiki hiyo, na Loveness alikuwa anakwenda Tanga mjini Jumamosi kwa shangazi yake. Samiha akampa flashi yenye kifurushi akitume kutoka huko.

"Usiguse kitu, Love. Tuma tu kama kilivyo."

"Wewe nawe! Kwani mimi mtoto?"

Baada ya wiki mbili Mwalimu Praxeda alirudi. Jumatatu, gwaride la asubuhi, alisimama mbele ya shule nzima akitabasamu.

"Wakaguzi wamekipokea kifurushi chetu ili wakichunguze, na wanasema kimefungwa vizuri. Aliyekifunga atakwenda Tanga likizo hii, kwenye mafunzo ya wiki moja, kwa niaba ya shule. Tumpigie makofi Loveness Zabron!"

Samiha alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Akadhani mwalimu amekosea, na kwamba Loveness mwenyewe atasahihisha. Loveness alipita mbele, akashika mikono yake nyuma.

"Haikuwa kazi rahisi," alisema. "Kilikataa mara kumi na saba. Lakini sikukata tamaa."

Mikono ya Samiha ikasimama hewani. Hiyo kumi na saba alimsimulia Loveness, na hakumsimulia mtu mwingine.

Wakati wa mapumziko alimkuta Loveness nyuma ya madarasa.

"Jina langu umelipeleka wapi?"

Loveness alitazama chini. "Nilitaka tu kuona linavyopendeza jina langu pale penye jina la mfungaji. Halafu nikatuma."

"Basi kamwambie mwalimu."

"Samiha, wewe kila mtu anajua una akili. Mimi baba ananiambia kila siku nitaishia kwenye mkonge. Mara hii tu, niachie." Samiha alipotikisa kichwa, sauti ya Loveness ikabadilika. "Na ukisema, nani atakuamini? Jina lililoandikwa ni langu. Watasema una kijicho."

Maneno hayo yalimkata Samiha kuliko jina lenyewe. Aliyeyasema ni mtu ambaye Ijumaa tu alimshikia mfuko wa madaftari. Siku ile alipanda kivuko bila kuaga, na nyumbani alikuna nazi hadi akajikuna kidole.

"Kamwambie mwalimu," Bi Sabiha alisema baada ya kusikia yote, akimfunga kidole kwa kitambaa.

"Wataniona nina kijicho, mama."

"Na ukinyamaza watakuona nani?"

Siku nne Samiha alinyamaza, akahamia dawati la nyuma. Kila mtu aliyempongeza Loveness alikuwa kama anamsukuma yeye kidogo.

Ijumaa barua ya mkaguzi ilifika. Mwalimu Praxeda aliisoma mbele ya klabu, na safari hii hakutabasamu.

"Mkaguzi, Bi Benedikta, anasema kifurushi hakiwezi kuingia ghalani. Katika faili la haki za waandishi limetajwa jina moja tu, la Bwana Noa aliyeianzisha Tawi. Lakini sehemu ya kuondoa maneno kwenye mti iliandikwa na Nasra Kombo. Jina lake liko juu kabisa ya sehemu hiyo. Anasema kumwacha mtu aliyefanya kazi ni kosa kubwa." Akainua macho. "Loveness, kwa nini ulimwacha Nasra?"

Loveness alisimama. Macho yake yalizunguka chumbani, yakamwangukia Samiha.

"Mwalimu, faili hilo sikuandika mimi. Aliliandika Samiha."

Samiha alihisi uso unamwaka. Sifa Loveness alizichukua zote, na kosa lilipokuja ndipo alipokumbuka kwamba kuna Samiha.

"Aliliandika Samiha," mwalimu alirudia taratibu. "Na haya mafaili mengine?"

Loveness alishika ukingo wa dawati.

"Nimekuuliza. Maelezo ya kujenga nani aliandika? Orodha ya mahitaji?"

Machozi yalianza kumtoka Loveness. Samiha akasimama. Angeweza kulikana lile faili. Ingekuwa rahisi, na Loveness angezama peke yake.

"Ni kweli, mwalimu. Faili la waandishi niliandika mimi," alisema. "Na mengine yote ni mimi. Nasra nilimwacha mimi. Nilikuwa nimechoka, nikanakili jina lililokuwa ukurasa wa mbele, sikufungua sehemu nyingine."

"Loveness?"

"Ni kweli," Loveness alisema kwa sauti ndogo. "Nilifuta jina lake nikaweka langu. Halafu nikamtishia."

Mwalimu Praxeda hakupiga kelele. Alimpeleka Loveness kwenye kompyuta, akamwamuru amwandikie mkaguzi kwa mkono wake mwenyewe na kueleza alichofanya. Jumatatu Loveness alisimama tena mbele ya gwaride, akasema yaleyale mbele ya waliompigia makofi. Nafasi ya Tanga ikarudi kwa Samiha. Naye Samiha alikaa siku tatu akifungua sehemu za Tawi moja baada ya nyingine, akisoma majina yaliyo juu. Alimkuta Nasra, na mwingine wa tatu ambaye hata mkaguzi hakumwona.

Mwezi uliofuata kifurushi kiliingia ghalani. Shule mbili za jirani ziliandika amri moja tu, na kamusi ikafunguka.

Siku hiyo Loveness alimfuata Samiha mlangoni mwa chumba cha kompyuta. "Umenisamehe?"

"Nimekusamehe," Samiha alisema. "Lakini flashi yangu sikupi."

Loveness aliitikia kwa kichwa na kuondoka. Mwalimu Praxeda, aliyekuwa akifunga madirisha, alikuwa amesikia.

"Shikamoo, mwalimu," Samiha alisema kwa aibu.

"Marahaba. Huna kosa kumjibu hivyo. Imani yako ataitafuta taratibu, kwa kazi, na huenda ikachukua mwaka." Akasukuma komeo. "Lakini nawe nataka ukumbuke kitu. Loveness alikunyima jina kwa makusudi, wewe ukamnyima Nasra kwa uchovu. Nasra angefungua kile kifurushi akajikosa, angeumia vilevile kama ulivyoumia wewe pale gwarideni. Mwaminifu haishii kwenye kutoiba tu, Samiha. Ana kazi ya kutafuta nani alifanya nini, na kumwandika, hata kama hamjui na hatakutana naye maishani."

"Nimemwandikia Nasra kumwomba radhi," Samiha alisema.

"Amejibu?"

"Bado, mwalimu."

"Basi subiri," Mwalimu Praxeda alisema. "Sasa unajua Loveness anavyojisikia."