Daktari wa Ng'ombe na Mbavu za Maranga

Asubuhi hiyo Maranga alikuwa akilima shamba lake Kegonga. Maksai wanne walivuta plau. Mke wake, Nyamusi, alifuata nyuma akidondosha mbegu za mahindi kwenye mtaro. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na Maranga aliimba.

Ghafla maksai mmoja akashtuka. Akageuka, akampiga Maranga ubavuni kwa kichwa. Maranga akaanguka. Akainuka, akaanza kucheka, kicheko kikakatika. Hewa haikuingia.

"Nipeleke... kwa Bravin," alisema.

Bravin alikuwa na kliniki sokoni. Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA DHARURA. Kwa miaka mingi alikuwa akichanja ng'ombe kwenye josho, na kazi hiyo aliijua kweli. Aliwahi kumwokoa fahali wa Maranga aliyevimba tumbo. Basi huku Kuria, mtu akimwokoa fahali wako, utamnyima nini? Watu walianza kumletea homa zao. Baadaye wakamletea watoto wao. Naye akanunua koti jeupe.

Nani alimuuliza alikosomea? Hakuna. Tumezoezwa hivyo tangu zamani. Wazazi wetu walidungwa sindano na kila mtu aliyefika na mkoba. Waliambiwa watoe mkono na wafunge mdomo. Mkono ulirudi nyumbani, mdomo umebaki umefungwa mpaka leo!

Walipofika klinikini, Bravin alimgusa Maranga ubavuni.

"Mura, ndugu yangu, haya ni maumivu tu," alisema. "Nitakudunga sindano ya usingizi. Ukiamka, umepona."

"Yawa! Mtu hawezi kupumua, na wewe unataka kumlaza?"

Aliyepiga kelele alikuwa Rispa, jirani yao aliyewasindikiza, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliolewa Kegonga kutoka Uriri, na sauti yake ilijulikana soko zima.

"Mama, hapa ni kazini. Toka nje," Bravin alisema.

"Sitoki! Tazama midomo yake inavyobadilika rangi. Tazama kifua. Upande mmoja unapanda, mwingine umetulia. Bravin, wewe ulisomea watu wapi?"

"Nina cheti. Si kile pale ukutani?"

Nyamusi alitazama ukutani. Mara nyingi alikuwa ameketi chini ya cheti hicho, mtoto mapajani, akingoja dawa. Leo alikisoma kwa mara ya kwanza, neno moja moja.

"Mafunzo... ya chanjo... ya mifugo." Akageuka. "Mifugo, Bravin?"

"Lakini mama, ni nyinyi mlioniita daktari," Bravin alisema kwa sauti ndogo.

"Tutagombana kesho," Rispa alisema. "Gari!"

Gichana, mwenye duka la karibu, alitoa gari lake. Walimketisha Maranga wima, kwa sababu akilala hewa ilipungua zaidi. Rispa alipiga simu hospitali kubwa ya Migori, akaeleza kila kitu. Njia nzima Nyamusi alihesabu pumzi za mume wake. Zilikuwa fupi, fupi, kama za mtu anayekimbia.

Machela ilikuwa inawangoja kwenye mlango wa dharura. Watu walijaa. Nyamusi alisukuma huku na huku.

"Daktari yuko wapi? Daktari mwenyewe!"

"Unamkanyaga mguu, mama," alisema msichana mfupi aliyekuwa mbele yake.

Alikuwa Daktari Nyasuguta. Hakungoja kuombwa msamaha. Aliweka kifaa chake kwenye kifua cha Maranga, akasikiliza upande wa kulia, akasikiliza wa kushoto.

"Hewa imejaa nje ya pafu. Nipeni sindano ndefu. Haraka!"

Akaiingiza kati ya mbavu. Psssss! Hewa ilitoka kama ya tairi. Maranga akavuta pumzi moja, ndefu, mpaka mabega yakapanda. Akavuta nyingine.

"Anapumua!" Rispa alipiga kigelegele. Nesi akamwambia anyamaze, lakini nesi mwenyewe alikuwa anacheka.

Baada ya kumwekea mrija wa kuendelea kutoa hewa, daktari aliwaeleza.

"Ubavu mmoja ulivunjika ukatoboa pafu. Hewa iliyovuja ililibana. Angelazwa kwa dawa ya usingizi, pengine asingeamka."

Nyamusi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na wewe, binti yangu, ulisomea watu?"

Nyasuguta alicheka sana. "Swali zuri! Nilisomea udaktari chuo kikuu. Nikafanya mwaka mzima wa mafunzo ya kazi hospitalini. Kisha nikasoma miaka mingine dharura peke yake, nikapita mtihani, na baraza la madaktari likanitambua kuwa bingwa. Kila mwaka nahuisha leseni."

"Na mtu kama mimi atajuaje?"

"Jina la daktari aliyeruhusiwa liko kwenye orodha ya baraza. Unalitafuta kwa simu. Maofisa wa kliniki, waliosomea kutibu watu bila kuwa madaktari kamili, nao wana baraza lao. Lakini sikiliza, mama. Mtu akiwa hoi, usikae kutafuta majina. Kimbia hospitali. Katiba inasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Uliza maswali ukiwa mzima, ili siku ya shida ujue mlango wa kwenda."

Maranga alirudi nyumbani. Bravin alifuta maandishi yake mwenyewe, akarudi kwenye josho, na Maranga aliendelea kumwita kwa ng'ombe tu.

Lakini Nyamusi hakutulia. Siku ya soko, yeye, Rispa na wanawake wengine walizunguka kliniki zote. Kila mlango waliuliza: "Leseni ya mwaka huu iko wapi?" Mmoja aliwafukuza. Mwingine alikumbuka ghafla kwamba ana msiba, akafunga mlango.

Kliniki ya mwisho ilikuwa ya Mourine, ofisa wa kliniki. Wanawake walipouliza, aliitazama leseni yake ukutani. Machozi yakamlengalenga.

"Tumekukosea?" Rispa aliuliza.

"Hapana, mama. Nilisoma kwa taabu kuipata. Nimekaa hapa miaka mitatu nikishindana na makoti meupe, na nyinyi ndio wa kwanza kuniuliza."

Akaishusha leseni ukutani, akampa Nyamusi aishike. Nyamusi alisoma jina, akalitafuta kwa simu, akalipata. Akatoka mlangoni, akalitangaza kwa soko zima.

Jua lilipofika utosini, foleni ya Mourine ilikuwa imefika barabarani.