Shahidi Kwenye Mkia wa Msafara

"Kisiki, Kisiki. Chungu kimevuja. Narudia, chungu kimevuja."

Sauti ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni, ikakatika.

Kisiki hakugeuza shingo. Alikuwa amesimama nyuma ya nguzo katika ukumbi wa wanaowasili, mikono mfukoni, Ray-Ban nyeusi usoni. Chungu kimevuja, maana yake siri imetoka. Watu wa Sumaku walijua shahidi yuko ndege ipi.

Walijuaje?

Waliokuwa na habari ni watatu: Kisiki, Mkuu wake wa kazi na katibu muhtasi wa Mkuu. Kisiki hakumwambia hata ukuta. Basi hesabu mwenyewe.

Sumaku ndiye aliyekuwa akiingiza bunduki nchini ndani ya mapipa ya rangi ya nyumba. Mzigo ulikuwa wa wageni fulani waliotaka nchi iungue ili waje kuinunua kwa bei ya majivu. Shahidi alikuwa shemeji yake, dada wa mkewe. Aliishi kwa Sumaku, akayaona mapipa yakifunguliwa sebuleni, akawaona na waliokuja kuyachukua. Akatoroka ng'ambo. Leo amerudi kusema.

Jaji alishatoa neno la mwisho. Shahidi asipotokea kabla mahakama haijainuka mchana huu, Sumaku anaachiwa. Na Sumaku akiachiwa hakamatiki tena, kwa kuwa ndege anayo yake mwenyewe.

Kazi ya Kisiki ilikuwa moja. Kumtoa mama huyu uwanja wa ndege, kumfikisha mjini.

Mkono ulipapasa kiuno. Patupu. Glock yake ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la walinzi mlangoni, kwa sababu barua ya ruhusa haikuwa na sahihi ya Mkuu. Mkuu alikuwa semina.

Semina ya usalama.

Kupitia kioo aliiona foleni ya pasipoti, imejikunja kama utumbo. Madirisha yamepangwa kama meno, linalofanya kazi moja. Ndani ya dirisha lile kijana alikuwa akigonga mihuri kama mtu anayetwanga bila njaa. Watoto walilia. Wazee walikaa sakafuni. Nyuma ya wote, mwanamke mnene wa makamo, kilemba cha bluu, viatu mkononi.

Ndiye.

Na upande wa huku, karibu na mkanda wa mizigo, alisimama mtu mwenye kipara. Koti la ngozi katika joto lile. Hana begi analolingojea.

Naye ndiye.

"Kituo, hapa Kisiki. Naomba watu wawili. Haraka."

"Subiri amri."

"Ya nani?"

"Ya Mkuu."

"Mpigieni basi."

"Amezima simu. Yuko semina."

Mtu anaweza kufundishwa kurusha kisu, kuendesha gari kwa magurudumu mawili, kukaa ndani ya maji mpaka samaki wamzoee. Hakuna anayefundishwa kuivuta foleni ya pasipoti. Kisiki alisimama tu. Alimtazama mama akisogea hatua, akisimama. Alimtazama Kipara akimtazama mama.

Hatimaye muhuri ukalia. Mama akatoka na soksi za ndege miguuni.

"Dada, karibu nyumbani. Usisimame."

Mama akamkagua toka juu hadi chini. "Wewe ndiye Kisiki? Nilidhani watanitumia mtu mwenye mwili."

"Wenye mwili wako semina. Viatu vipi?"

"Miguu imevimba, kaka. Haviingii. Kichwa nacho kinanigonga kama mlango wa mdaiwa."

"Tembea hivyo hivyo. Treni ya mjini iko chini."

Walifuata mishale. Kushoto, ngazi za umeme, zimekufa. Kulia, ukumbi mrefu wa vioo. Chini kabisa, mlango wa treni, na juu yake karatasi iliyobandikwa kwa gundi: HAIFANYI KAZI. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU.

Karatasi yenyewe ilikuwa imeshapauka. Radhi ya siku nyingi.

"Jamani," mama alisema, "hii si niliiacha hivi hivi nilipoondoka?"

Kwenye kioo Kisiki aliona koti la ngozi.

Kipara alikuwa peke yake ukumbini. Mkono ukatoka kifuani na bastola yenye bomba la kuzuia mlio.

Pafu!

Kioo kikapasuka juu ya kilemba cha bluu. Kisiki alikuwa ameshaushika mlolongo wa matoroli ya mizigo yaliyopangwa ukutani. Akausukuma kwa bega, kwa kifua, kwa hasira zote. Chuma kikavuma sakafuni. Kikamzoa Kipara magotini, kikambamiza kwenye mlango wa lifti. Bastola ikateleza, ikatumbukia kwenye ufa wa lifti, ikaenda zake.

"Kimbia, dada!"

"Kwa miguu ipi?"

Akamkokota.

Nje jua liliwapiga usoni. Mahali ambapo gari la ofisi lingekuwa palikuwa na mtu anauza kadi za simu.

"Kituo, gari liko wapi?"

"Limepangiwa kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Mke wa Mkuu ana wageni."

Kisiki alikichomoa kile kidude sikioni. Akakitazama. Akakidondosha, akakikanyaga.

Walipanda teksi, Toyota kuukuu yenye mlango unaofungwa kwa kamba. Dereva alikuwa mtu wa maneno. "Mjini? Bosi, omba Mungu. Leo kuna mgeni wa serikali." Hakuwa amemaliza sentensi walipofika kwenye mzunguko, hatua chache kutoka getini. Filimbi ikalia. Askari wa barabarani akanyoosha mkono.

Barabara imefungwa.

Magari yalijaa nyuma yao kama maji kwenye ndoo. Injini zikazimwa. Kisiki akashuka, akamfuata askari, akatoa kitambulisho.

"Afande, kazi ya usalama. Nina mtu wa mahakamani. Nipitishe."

Askari alikigeuza kitambulisho mara mbili. "Hiki ni cha zamani. Vipya vina rangi ya kijani."

"Vipya hatujapewa."

"Basi hata mimi sijakupa njia. Rudi garini, mzee. Leo hata angekuwa mama yangu anajifungua, angejifungulia hapa."

Alicheka. Kisiki hakucheka. Mkewe alikata roho kwenye barabara kama hii, kiti cha nyuma, filimbi kama hii hii ikilia. Msafara ulipita, na ndani ya gari refu mtu aliyeshiba akawapungia mkono. Ukiua kwa kisu unafungwa. Ukiua kwa kufunga barabara unapigiwa saluti.

Akarudi. Kule nyuma, gari la saba au la nane, ilisimama Land Cruiser nyeupe. Mlango ukafunguliwa. Kipara akashuka, anachechemea, anakuja katikati ya magari taratibu. Mkono ndani ya koti. Gari kama lile halikosi bastola ya pili.

Kukimbia? Na mama mwenye miguu kama mito ya kulalia? Kupigana? Kwa mikono, katikati ya watoto waliotoa vichwa madirishani?

Kisiki alitazama huku na huku, kama kuku aliyeonyeshwa kisu. Ndipo akaliona gari la wagonjwa.

Lilikuwa kando ya mzunguko, nje ya geti la wakubwa, mwisho kabisa wa safu ya magari meusi yaliyomngoja mgeni. Kila msafara una mkia, na mkia ni gari la wagonjwa lisilobeba mgonjwa. Dereva wake alikuwa anachokonoa meno. Muuguzi, mama mwenye miwani ya kamba, alikuwa amekaa mlangoni akijipepea.

Kisiki alimshika shahidi mkono, wakavuka.

"Mama, nisaidie. Huyu anaumwa."

"Haturuhusiwi," dereva akadakia. "Gari la wakubwa hili. Akiumwa mmoja je?"

"Nani?" muuguzi akamgeukia. "Mwaka wa ngapi huu tunawafukuzia nyuma, umeshaona mmoja ameanguka? Hao wakiumwa wanapanda ndege." Akaziona soksi za ndege. Akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akafunga mpira wa presha mkononi, akapuliza, akasikiliza. Uso ukabadilika.

"Dada, umetembeaje na presha hii?"

"Nimekokotwa," shahidi akasema.

"Leta ndani."

"Tutafukuzwa kazi!" dereva akalia.

"Utafukuzwa wewe unayeendesha. Mimi nauguza."

Kisiki akamwinamia muuguzi sikioni, akampa yote kwa maneno machache: mahakama, jaji, Sumaku. Wakapeana namba za simu. Msafara ungepita mbele ya mahakama. Muuguzi akapandisha miwani.

"Nitampa dawa njiani. Akiweza kusimama, nitamshusha. Asipoweza, naenda naye hospitali, na Sumaku wako aende anakokwenda. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mlango ukafungwa. Nafasi ya Kisiki haikuwepo.

Pikipiki zikawaka. Ving'ora. Magari meusi yakachomoka moja moja, na gari la wagonjwa mwishoni. Askari wa filimbi akakaza mwili, akalipigia saluti.

Kipara alikuwa hatua chache tu. Akasimama. Akatukana. Akageuka, akachechemea mbio kurudi kwenye Land Cruiser.

Kisiki akajua kitakachofuata. Matajiri wa mji ule walikuwa na mchezo wao. Msafara ukipita, unaunga mkia, unawasha taa zote, unapita bure. Askari wote walimjua Sumaku. Wote walishakula kwake.

Land Cruiser ikapanda ukingo wa barabara, ikawasha taa, ikaunga mkia.

"Afande, lizuie lile!" Kisiki alikimbia. Askari akamdaka ukosi.

"Tulia, mzee! Lile ni la wakubwa!"

Na akalipigia saluti.

Kisiki aliliona likiikaribia milango ya nyuma ya gari la wagonjwa. Aliona kioo cha abiria kikishuka, mkono ukitoka. Alikuwa ameshikwa ukosi kama mwizi wa kuku. Hakuwa na la kufanya. Hakuwa na lolote.

Ila mgeni wa leo alikuja na walinzi wake kutoka kwao. Hao hawakula kwa Sumaku. Hawakumjua hata kwa jina. Walichoona ni gari lisilo lao, na mkono wenye bastola.

Magari mawili meusi yakarudi nyuma kwa kasi, yakaibana Land Cruiser huku na huku. Vioo vikamwagika. Sauti za lugha ngeni zikafoka. Kipara na dereva wake wakavutwa nje, wakalazwa kifudifudi kwenye lami ya moto, mitutu visogoni.

Gari la wagonjwa halikusimama. Likapinda kona, likapotea.

Ndipo kulipokuja kungoja, kubaya kuliko risasi. Barabara haikufunguliwa. Kisiki aliketi ukingoni, Nokia kiganjani. Akapiga namba ya muuguzi. Haipatikani. Akapiga tena. Jua likapanda, likasimama utosini. Presha ile. Miguu ile. Labda amefia njiani, na huku mahakama inainuka. Dereva wa teksi akamletea maji, naye akayashika tu bila kunywa.

Simu ikalia.

"Kaka Kisiki?" Sauti ya muuguzi, anahema. "Tumemkuta jaji ameshashika mlango. Dada yako akapiga kelele kutoka nyuma, na soksi zake, na sindano yangu mkononi. Jaji akarudi kuketi. Amesema yote. Mapipa, wageni, majina. Mtu wako haachiwi tena, amerudishwa ndani. Sasa nampeleka hospitali, na asibishane nami."

"Atapona?"

"Anatukana dereva. Atapona."

Kisiki akasimama, akapangusa vumbi kwenye suruali, akavaa Ray-Ban. Askari wa filimbi alikuwa amemkodolea macho, akimtazama yeye, akiwatazama wale wa kwenye lami.

"Kwani wewe ni nani hasa?"

"Abiria, afande."

Akapita katikati ya magari yaliyozimwa, mikono mfukoni, akashika njia ya mjini kwa miguu.